Maneno Niliyosema Baada ya Kengele

Tulipomzika Vumilia, wiki tatu zilizopita, walinisimamisha niseme neno la rafiki. Mchungaji alikuwa ametangulia kusema kwamba mtu akitaka kujua kubebeana mizigo ni nini, awaangalie wanawake wawili, Vumilia na Esperansi, yaani mimi, na watu wakaitika amina kwa nguvu. Nilisimama, nikawashukuru walioleta kuni na maji, nikakaa. Walidhani ni uchungu. Uchungu ulikuwepo, lakini si huo ulionifunga mdomo. Mimi si mwandishi, nimesoma mpaka darasa la tano tu, na mazoea ya kuweka kayé, yaani madaftari, niliyapata kwa sababu kanisani walitaka mtu wa kuandika majina ya wanawake wanaokuja kwenye maombi. Nimezifungua kayé hizo tena, zile za mwaka wa 2006, kuona kama mimi ndiye yule aliyesifiwa. Nitaandika kama ilivyokuwa, na pale nisipokumbuka vizuri nitasema sikumbuki.

Mwaka ule tulikuwa majirani hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, mlango wangu ukitazama mlango wake. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, Vumilia alinizidi kidogo. Wote wawili tulitoka Kivu ya Kusini, kule Kongo, lakini tulijuana hapa hapa, kwenye foleni ya maji. Alikuwa na mtoto mmoja wa kike, Riziki, karibu miaka saba, mwenye maswali mengi na asiyependa maharage. Alhamisi ilikuwa siku ya maombi ya wanawake, na tulifunga mpaka saa nane mchana. Kanisa lilikuwa la udongo na miti, paa la shiti, turubai la msaada, mabenchi ya mikaratusi isiyopigwa randa, ukikaa bila kuangalia kitenge kinachanika. Kiongozi wetu alikuwa Mama Noela, mke wa mchungaji wa wakati ule, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya ziwa. Yeye ndiye aliyetupanga wawili wawili, na kila mtu alikuwa na mwenzake wa mzigo. Wangu alikuwa Vumilia. Kabla ya kuingia, mnakaa nje wawili kwenye kivuli cha ukuta, kila mmoja anamwambia mwenzake jambo linalomlemea. Kisha mnaingia kuomba, na hapo palikuwa na sheria: huruhusiwi kuombea la kwako. La kwako umekwisha kumwachia mwenzako. Tuliomba wote kwa pamoja, kwa sauti kubwa, kila mmoja akipaza siri ya mwenzake, na hizo kelele ndizo zilizokuwa pazia letu. Aliyesimama bega kwa bega na wewe hakuweza kukusikia. Mama Noela alikuwa na kengele ya ng'ombe aliyoinunua sokoni Isingiro, na ikilia, unakata, hata kama uko katikati ya neno. "Mungu anajua kumalizia," alikuwa anatuambia.

Siri ya Vumilia niliijua zaidi ya mwaka kabla ya hapo. Riziki hakuwa mtoto wake wa kuzaa. Walipokuwa wanakimbia, walilala kwenye darasa la shule iliyoachwa, yeye akiwa ametoka kuzika kitoto chake mwenyewe siku mbili nyuma. Kando yake alilala mwanamke mgonjwa ambaye hawakujuana hata jina, na asubuhi mwanamke yule hakuamka. Mtoto wake alikuwa analia. "Maziwa yalikuwa inanitoka, dada," Vumilia aliniambia. "Nikamunyonyesha. Tulipofika huku, karani akaniuliza, huyu wako? Nikasema ni wangu. Alikuwa ku ziwa yangu, ningesema nini?" Ndivyo Riziki alivyoandikwa kwenye kadi kama mtoto wake wa tumbo. Na mwaka wa 2005, watu walipohesabiwa upya na majirani wakaulizwa, mimi nami nilisema mbele ya karani kwamba ni mtoto wake wa kuzaa. Nilijua si hivyo. Nilisema bila kusitasita, na sikuona kama ni uongo.

Sasa nifike kwenye ile Alhamisi. Jumanne yake jina la Vumilia lilitoka kwenye ubao wa matangazo: anaitwa kuhojiwa kwa ajili ya safari, yaani kupelekwa nchi ya mbali kuanza maisha mapya. Kila mtu wa kambi anajua ubao ule. Mimi niliusoma kwa ajili yake kwa sababu yeye kusoma kulimchosha macho, na nilipomaliza jina lake niliendelea kushuka chini polepole mpaka mwisho, nikitafuta la kwangu. Halikuwepo. Siku ya maombi tulikaa kwenye kivuli cha ukuta. "Bataniuliza juu ya Riziki," alisema. "Nikisema kweli, batamutoa kwangu, batamupeleka ku familia ingine mpaka bapate ndugu zake. Nikinyamaza, nitakuwa nimedanganya bale batu mara mbili. Niombee, Espe. Sijue niombewe nini, lakini niombee. Na weye, unabeba nini leo?" Nilimjibu, "Kichwa tu. Kinaniuma tangu jana." Kichwa hakikuwa kinaniuma. Nilikuwa na wivu, na nilimpa mzigo wa uongo abebe, naye akaingia ndani akakiombea kichwa changu kwa nguvu zake zote.

Niliomba nimefumba macho. Kelele zilikuwa kubwa kuliko siku zote, kwa sababu kulikuwa na homa kambini na wengi walikuwa na wagonjwa. Kengele ililia. Wanawake wote walikata. Na katika ukimya ule sauti yangu peke yake ikasikika, wazi kama mtu anayetangaza: "Bwana, uwafumbe macho bale ba ofisi, wasijue kama Riziki si wa tumbo lake!" Nilipofumbua macho, nyuso zilikuwa zimenigeukia zote. Hakuna aliyesema amina. Mwanamke mmoja alikohoa. Mama Noela alianzisha wimbo haraka sana, juu kuliko sauti zetu, na tukauimba vibaya. Vumilia hakuimba. Alichukua sandali zake mlangoni akaondoka akizishika mkononi. Nimetafuta siku hiyo kwenye kayé. Nimeandika: "Leo maombi yalikuwa na nguvu. Nimechoka." Basi. Mtu aliyeandika maneno hayo ndiye huyu anayeandika sasa, na sijui kwa nini mnisadiki leo.

Kesho yake asubuhi nilikuwa kwenye bomba, na waliokuwa mbele hawakuniona. "Kumbe ule mutoto ni wa kuokota!" alisema mmoja. Mama Tabu, jirani yetu wa upande wa juu, akajibu, "Basi na mimi nitaenda mu barabara niokote wangu, labda jina langu litatoka ku ubao." Wakacheka, hata vidumu vikagongana. Nimtendee haki Mama Tabu. Alikuwa hapa tangu vita vya kwanza, na watoto sita aliowazaa mwenyewe, na kila mwaka aliwaosha nyuso na kuwapeleka kusimama mbele ya ubao ule. Ningekuwa yeye, ningecheka pia. Jioni ile Riziki alirudi kutoka kucheza akamuuliza mama yake, "Kuokota ni nini?" Vumilia alikuwa anachambua ndagala, vile vidagaa. "Ni kuokota kuni," alisema, bila kuinua uso. Siku ya tatu tulisikia kwamba kuna mtu ametia karatasi kwenye sanduku la malalamiko pale ofisini. Hatukujua ni nani wala kama ilikuwa kweli, lakini tangu siku hiyo kila gari lililopunguza mwendo karibu na nyumba zetu, Vumilia alimwita mtoto ndani.

Mama Noela alikuja kwake, nami niliitwa. Tulikaa watatu kwenye chumba kile kimoja, juu ya mkeka, na sahani ya mahindi ya kuchemsha katikati ambayo hakuna aliyeigusa. Mama Noela alisema ni lazima tufunge siku tatu na tunyamaze, itapita. "Mungu anajua tayari, mupendwa. Ni ofisi tu haijue." Vumilia akasema, "Basi, Mama Pasteri, kama ni ofisi tu yenye haijue, nitaenda kuiambia. Afazali basikie kwangu." Mama Noela akasema atapoteza safari. "Safari nitapoteza," alisema Vumilia. "Mutoto ndiye siwezi." Halafu akanigeukia mimi, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. "Na weye tutaenda wote. Ni weye mwenye ulisema ku karani kama ni wangu. Utasema ulijua." Nitakuwa mkweli: nilifikiria faili yangu. Nilifikiria kwamba jina langu halijatoka bado, na kwamba mtu aliyeandikwa kuwa alidanganya hatatoka kamwe. Mama Noela alichukua punje moja ya mahindi akaitafuna, labda ili asitazame uso wangu. Nikasema, "Tutaenda."

Siku ya kuhojiwa ilikuwa Mbarara, asubuhi mapema, kwa hiyo tulitoka siku iliyotangulia. Tulipanda lori la ndizi, tukakaa juu ya mikungu, Riziki katikati yetu, na tangu Isingiro mpaka tunapita Masha, penye ng'ombe wa pembe ndefu hata barabarani, mtoto peke yake ndiye aliyezungumza. Vumilia alikuwa na mteja wake pale Makenke, kwenye kambi ya jeshi ya Mbarara, mke wa koplo, jina lake Mama Sharon, ambaye Vumilia alimwuzia vitenge. Yeye ndiye aliyetupokea. Nyumba ilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa blanketi la kijani la jeshi, sanduku la chuma, na sigiri ya makaa mlangoni yenye sufuria ya matoke, ndizi za kupika zilizofunikwa kwa majani. "Karibu, nyabo. Hapana ogopa, afande, bwana yangu, iko kazi mpaka kesho," alisema. Alitupa matoke na mchuzi wa karanga, mengi, na kila tukiacha kula alituongezea kwa kijiko kana kwamba tunamkosea. Mimi na Vumilia tulipoanza kuombea chakula, kwa sauti tuliyoizoea, aliziba masikio akicheka. "Nyinyi Wakongo! Mungu yenu iko kiziwi? Mimi nasali pole pole, na yeye nasikia." Lakini Vumilia alipomweleza kilichotuleta, aliacha kucheka. Alimwonyesha msichana wake aliyekuwa anaosha vikombe nje. "Huyu Sharon, afande ndiye alizaa? Alikuta mimi nayo. Mtoto ya kulea ni mtoto. Banange, na nani alikuja kuuliza yeye?"

Mchana ule ule Vumilia alimwita Riziki nyuma ya blanketi. Mimi nilibaki upande wa sigiri, na sikwenda mbali, ingawa ningeweza kwenda. Alimweleza kwa maneno machache: kwamba kulikuwa na mama mwingine, kwamba alikuwa mgonjwa, kwamba walilala karibu, kwamba kesho watamuuliza na asiogope kusema kweli. Nilikuwa nimeshika kijiko cha mchuzi na sikuthubutu kukirudisha kwenye sufuria kisije kikagonga. Kisha nikamsikia Riziki. "Alikuwa anaitwa nani?" "Sijue, mama. Hakukuwa na wakati ya kuulizana." "Sasa weye nitakuita nani?" "Utaniita vile unaniitaga." Mtoto akauliza kama ile ndizi iliyobaki ni ya nani. Vumilia alitoka na uso mkavu, akachukua sahani, akapita mbele yangu kama vile mimi ni nguzo ya nyumba.

Ofisini tulikaa kwenye benchi refu. Aliyehoji alikuwa mwanamke wa Uganda, mpole, na mkalimani kando yake. Hakutukaripia hata mara moja, lazima niseme hivyo. Alianza na Vumilia, kisha akamchukua Riziki peke yake akafunga mlango. Mlango ule ulikuwa na kioo juu, kilichopita vichwa vyetu. Vumilia alisimama chini yake kana kwamba atasikia kwa kutazama. Nilitaka kumshika mkono, sikuweza. Mtoto alitoka akasema, "Nimeyasema yote," akakaa akaanza kutingisha miguu. Ndipo wakaniita. Yule mwanamke alikuwa na karatasi ya mwaka uliotangulia mbele yake. Akaniuliza kupitia mkalimani: wakati wa kuhesabu watu nilisema ni mtoto wa kuzaa. Nilijua, au sikujua? Jibu la kuniokoa lilikuwa jepesi: sikujua, nimesikia juzi tu kama wengine. Na hakuna ambaye angenipinga isipokuwa Vumilia, na Vumilia alikuwa nje. Nilikaa kimya mpaka mkalimani akarudia swali, akidhani sikuelewa Kiswahili chake. Nikasema, "Nilijua." Wakaniuliza kama naelewa kwamba neno hilo linaandikwa kwenye faili yangu. Nikasema naelewa. Mwanamke akaandika, na aliandika kwa muda mrefu kuliko nilivyosema. Tangu siku hiyo jina langu halijawahi kutoka kwenye ubao. Sisemi ni kwa sababu ya hilo. Kuna wengi wasiosema lolote ambao majina yao hayajatoka pia.

Waliturudisha nyumbani na neno moja: subirini. Tulisubiri mpaka mvua zikaanza. Mwezi wa pili wa kusubiri alikuja mwanamke wa kazi ya watoto, akaangalia kitanda cha Riziki, akaangalia madaftari yake, kisha akazunguka kuwauliza majirani, na nyumba ya kwanza aliyoingia ilikuwa ya Mama Tabu. Mimi na Vumilia tulikuwa uani tukianika nguo, na tulizishika nguo zilezile tukizikunja na kuzikunjua tena, kwa sababu ukuta wa Mama Tabu ulikuwa wa fito na kila neno lilitufikia. "Munataka niseme nini?" alisema kwa ukali. "Mutoto anakula kwanza, mbele ya mama yake kula. Hiyo naiona kila siku, na mimi siko kipofu. Mwaka ya homa, ni yeye alibebwa mugongoni mpaka ku dispanseri, mama yake mwenyewe anatetemeka na homa. Kama munataka kutoa batoto kwa bamama, kuna fasi ingine, nyumba ingine ya kuanzia, nitabaonyesha." Vumilia alikaa chini, kwenye matope, na nguo mbichi mapajani.

Barua ilikuja baada ya hapo. Aliniletea niisome. Ilikuwa na karatasi mbili, na nilizisoma kwanza kimya, jambo ambalo halikuwa haki, maana alikuwa anatazama midomo yangu. "Riziki anabaki," nilisema. "Unaandikwa mlezi wake. Hawamtoi." "Na safari?" "Safari wameifunga." Alichukua karatasi akazikunja nne, akazitia kwenye kitambaa chake, akaenda kutwanga sombe, majani ya muhogo. Sikumwona akilia, wala kucheka. Nilimfuata. Nilikuwa nimebeba kitu tangu ile Alhamisi, na nilijua kwamba nisipokisema siku hiyo sitakisema tena.

"Vumilia," nilisema, "ile kengele. Naona kama niliisikia."

"Uliisikia." Hakuacha kutwanga.

"Unajuaje?"

"Mimi siombaga na macho imefungwa, tangu ile barabara ya kukimbia. Nilikuwa nakuangalia. Kengele ililia, ukanyamaza, ukameza mate. Kiisha ukaendelea."

Mpaka leo sikumbuki kumeza mate. Nakumbuka giza la macho yaliyofumbwa na joto kifuani. Lakini yeye alikuwa na macho wazi na mimi sikuwa nayo, kwa hiyo ushahidi wake ni mzito kuliko wangu. Nilimwuliza kwa nini basi alinipeleka Mbarara. "Ningepeleka nani? Mwenye alijua ni weye. Tena nilitaka nione kama ile siku utanyamaza ao utasema yote." Nikamwuliza kama ananichukia. Akafikiri, mchi ukiwa juu. "Nilikuchukia. Mpaka mvua. Nilikuwa nakula na weye, nalala karibu yako kule Makenke, na nakuchukia. Si kazi rahisi, dada, inachokesha." Akanipa mchi. "Twanga, mikono yangu imekufa."

Alhamisi iliyofuata Mama Noela alituita kando, kabla watu hawajajaa, akasema kwamba anaelewa kama Vumilia anataka kubadilishiwa mwenzake, na kwamba hakuna atakayeuliza. Vumilia alisema, "Hapana, Mama Pasteri." Tukaenda kwenye kivuli cha ukuta. Nilitangulia mimi, nikamwambia habari ya wivu wangu, yote, tangu siku ya ubao, na safari hii sikutaja kichwa. Alisikiliza akichora chini kwa kidole. Kisha ikawa zamu yake. Nilidhani atanipa kitu kidogo, kikohozi cha mtoto au paa linalovuja, kama unavyompa mtu anayetoka ugonjwani mzigo mwepesi kwanza. Hakufanya hivyo. Alinisogelea, akaniambia jambo lililokuwa zito kuliko lile la Riziki, ambalo Riziki mwenyewe halijui hata leo. Kwenye kayé ya siku hiyo nimeacha mstari mtupu. Tulilibeba wawili miaka tisa, na tangu wiki tatu zilizopita tumebaki nalo mimi na Mungu.